Kundi la Kuprinti

Jumanne hiyo Peris alifungua ofisi saa mbili kasoro dakika kumi, akatoa kitambaa cha maua kilichokuwa kimefunika kompyuta, akakikunja, akakiweka juu ya kabati. Akaipiga printa kofi kidogo ubavuni ili vumbi itoke. Akajaza karatasi, akawasha stima pale ukutani, akangoja. Hiyo kompyuta kuwaka ilikuwa inachukua muda wa mtu kushuka ngazi, kununua mandazi mbili na kurudi, kwa hivyo alishuka, akanunua mandazi mbili, akarudi.

Ofisi ilikuwa Kibomet, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa inapanda ngazi pamoja na watu. Mlangoni waliandika Kampuni ya Mashamba ya Riziki. Hao ndio walinunua shamba la mzungu huko Kachibora mwaka wa sabini na nne wakagawana. Peris alikuwa karani wao, msichana wa Bungoma, miaka ishirini na tatu, na cheti cha kompyuta cha miezi tisa. Alikuwa amemaliza mwaka mmoja na nusu hapo, na hajawahi kuprinti hata karatasi moja.

Si ati hakujua. Alijua sana. Ni vile kompyuta ilikuwa imepangwa. Ilinunuliwa mwaka wa elfu mbili na tatu, na kijana aliyeiweka aliwapanga watu kwa makundi. Kulikuwa na kundi la karani, ambalo ndani yake kulikuwa na karani peke yake, na ruhusa yake ilikuwa kuandika barua na kuiweka. Kisha kulikuwa na kundi la wanachama, na hilo ndilo lilikuwa na ruhusa ya kuprinti. Kijana alipouliza wanachama ni nani, mwenyekiti, Mzee Kiragu, alimpatia daftari la sabini na nne vile lilivyo. Kijana akaingiza majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na kila mtu akampa pasiwadi, ambayo ni namba ya hisa yake. Hakuna mtu alimwambia kwamba karibu wote walikuwa wamekufa, na wale waliobaki hawawezi kupanda ngazi.

Kwa hivyo waliokuwa wanaprinti ni marehemu.

Walikuwa wanafika saa tisa, jua likishahamia upande wa nyuma wa jengo. Wanapanda ngazi pole pole, wanaandika jina kwa kitabu cha wageni, pale pa kuandika unatoka wapi wanaacha wazi, halafu wanakaa kwa benchi. Wepukhulu, askari wa jengo, alikuwa anapitisha ufagio saa kumi na moja kwa sababu ya udongo. Chai walikuwa hawanywi lakini walipenda kushika kikombe. Mwanzoni Peris alijaribu kuwaandikia pasiwadi yeye mwenyewe ili wasisumbuke kutoka huko waliko. Kompyuta ilikataa. Ilikuwa inajua vidole. Basi mtu akitaka barua, Peris anaiandika, mtu anangoja wake aje, wake anakaa kwa kiti, anaandika namba na kidole kimoja, anabonyeza, anaenda. Hata Mzee Kiragu, na uenyekiti wake wote, alikuwa anangoja babake.

Mtu angesema, si uende saiba mjini uprinti huko. Watu walienda. Lakini printa ya Riziki ilikuwa na ugonjwa wake, laini ya kijivu nyembamba kama uzi, upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini. Kamati ya mashamba ilikuwa inainua barua kwa dirisha kuangalia laini kwanza, ndio isome maneno. Kuna mtu wa Kachibora alijaribu kuichora na penseli na rula. Alishikwa siku hiyo hiyo.

Saa nane Bilha akaingia, mama wa miaka hamsini hivi, sweta ya kijani, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya matope. Watu walimwita Mama Wamboi. Mzee wake Kagwe alikuwa hisa namba mia moja kumi na saba, ekari mbili na nusu, na alikuwa amekufa miaka miwili.

"Kamati inakaa Ijumaa saa nne," alisema. "Wameniambia nilete barua ya kuthibitisha. Nisipoleta, shamba inaenda kwa Gathii."

Gathii alikuwa ndugu mdogo wa Kagwe. Mwaka wa sabini na nne alikuwa mtoto wa shule.

"Na ukiwa nayo?" Peris aliuliza.

"Nikiwa nayo nakaa kwangu. Sina pengine, mtoto wangu. Hakuna."

Peris akaandika. Hii ni kuthibitisha kwamba Bilha, mke wa marehemu Kagwe, ndiye mwenye hisa namba 117. Bilha alisoma kwa kioo akisogeza midomo, akasema jina lake limeandikwa vizuri.

Saa tisa na dakika tano Kagwe alifika na wenzake watatu. Alikuwa kwa ile suti aliyozikwa nayo, na tai ilikuwa imekaza sana kwa sababu aliyeifunga hakuwa yeye. Alimwona bibi yake, akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta kama mtu amerudi kutoka kusaga unga posho mill.

"Mama Wamboi."

"Baba Wamboi. Umekonda."

"Huko hakuna kitu ya kunenepesha. Ng'ombe?"

"Alizaa. Ndume."

"Ah. Na Wamboi?"

"Yuko fomu tatu. Hesabu zinamsumbua."

"Hizo ni za kwenu," alisema Kagwe, na Bilha karibu acheke.

Akaandika namba yake, moja, moja, saba. Kompyuta ikamkubali. Peris akamfungulia barua. Kagwe akasoma, akarudia, kisha akatoa mkono kwa mausi. Pale mkono ulikuwa, mausi ilibaki na umande.

"Hii ni jina yako," alisema.

"Ni yangu."

"Gathii aliniambia analeta yake leo."

"Najua. Ukiprinti yake mimi nitalala wapi?"

Kagwe aliangalia tena barua kwa kioo. Alisema, "Gathii alinizika vizuri. Watu walikula wakabakisha."

"Alikuzika siku moja," alisema Bilha. "Mimi nilikuosha miezi nane."

Huko chini mtu alikuwa anaulizia dawa ya minyoo ya kondoo. Kwa benchi wale wenzake watatu walikuwa wameshika vikombe. Aliyekaa katikati alikuwa Mzee Mukhisa, katibu wa kwanza wa kampuni, mwenye koti refu. Alikohoa mara moja, si kwa ubaya. Kagwe akaangalia benchi, akarudisha macho kwa bibi yake, akapunguza sauti.

"Mimi sina shida. Unanijua. Ni kundi."

"Kundi gani, Baba Wamboi? Si unabonyeza tu na kidole yako?"

"Wewe ukitoka hapa unaenda nyumbani. Mimi narudi na hawa. Nakaa nao."

Gathii akaingia hapo hapo, na kofia mkononi. Hakuwa mtu wa kelele. Alisalimia benchi mmoja mmoja, akamsalimia kakake, akamwambia Bilha, "Shemeji, si ati nakufukuza. Tunapanga tu mambo ikae vile inakaa." Alikuwa na maneno yake kwa karatasi ya daftari. Peris aliyaandika, kwa sababu kazi ya kundi la karani ni kuandika. Kagwe akabonyeza. Barua ikatoka ikiwa moto, na laini yake upande wa kushoto. Gathii akaiinua kwa dirisha, akashukuru, akashuka.

Bilha alibaki amesimama. Marehemu wote walipoenda, aliuliza kitu kimoja.

"Peris, mnashindwa nini kuniingiza kwa hiyo kundi?"

Peris akamweleza. Kuna pasiwadi moja kubwa ya kuongeza na kutoa watu. Si yeye ako nayo, wala si mwenyekiti. Ilibaki na yule kijana aliyeweka kompyuta, anaitwa Derrick, ako Bungoma, na wanajuana.

"Bungoma si mbali," alisema Bilha.

Jumatano Peris alimwambia Mzee Kiragu jino linamuuma, na saa tano alikuwa Bungoma. Derrick alikuwa amefungua saiba nyuma ya soko, kompyuta sita na feni moja. Alikuwa anatafuna miwa, anatemea kwa katoni ya kompyuta.

"Niaje Peris, umepotea."

"Niko tu, bana. Niko kwa mashine yako ya Kibomet."

"Hiyo bado inafanya? Hawajawahi kunipigia ati imeharibika."

"Wanaoitumia ni marehemu."

Derrick alitafuna kidogo. "Ndio maana. Hao hawapigi."

Alimpatia pasiwadi bila kumzungusha. Ilikuwa joan2003, na hiyo haikuwa inauliza vidole ni vya nani.

"Ulikuwa unampenda huyo Joan?"

"Hiyo mwaka, sana." Akaandika nyuma ya risiti, halafu akaishika kwanza kabla hajampa. "Lakini sikia. Kumwingiza huyo mama kwa kundi la wanachama haitasaidia. Kuna kundi lingine. La wake wa wanachama."

"Sijawahi kuliona."

"Huwezi kuliona ukiwa karani. Mzee Kiragu alinipatia daftari, halafu akanipatia karatasi ingine na majina ya mabibi zao wote, na mama zao. Wale wazima na wale wamekufa. Akasema niwaweke pamoja, na mbele ya printa niwawekee alama ya kukataa."

"Kwani kukosa kuwa kwa kundi la wanachama si ilikuwa inatosha?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia mzee, hao hata sasa hawawezi kuprinti. Akaniambia, andika." Akatema. "Usiniangalie hivyo. Nilikuwa kazini."

Akamweleza na ile ingine, na Peris aliiandika kwa mkono wake na biro asisahau. Mtu akiwa kwa makundi mawili, moja linamkubalia na lingine linamkataza, linalokataza ndilo linashinda. Hata akubaliwe na makundi mia. Hiyo haikuwa ya Kiragu, ndivyo kompyuta zote zilitengenezwa. Kwa hivyo atoe ile alama ya kukataa kwanza. Na akishaitoa, Bilha atoke kwa kompyuta na aingie upya, kwa sababu ndani ya kompyuta mtu hubaki vile alivyokuwa akiingia.

"Na kuna mtu anaweza kuirudisha?"

"Mwenye pasiwadi kubwa. Na katibu. Katibu nilimpatia ruhusa ya kusimamia printa. Alikuwa ameandikwa Mukhisa. Bado ako kazini?"

"Ako," alisema Peris.

Alhamisi Bilha alikuwa mlangoni kabla Peris hajafika, amevaa viatu. Mpango ulikuwa rahisi. Kazi yote ilikuwa ya dakika kumi, na mpaka saa tisa walikuwa na asubuhi nzima. Peris akakunja kitambaa, akaweka karatasi, akabonyeza ukutani. Hakuna.

Stima ilikuwa imepotea Kibomet yote. Wepukhulu alienda kuuliza, akarudi. "Tlansfoma, madam. Wanasema wanakuja."

Walikaa. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Bilha hakutaka mandazi. Alikuwa amekaa kwa kiti cha mbele ya kompyuta, mikono kwa mapaja, anaangalia kile kioo cheusi, na ndani yake alikuwa anajiona. Saa saba Peris alimwambia wanaweza kujaribu kesho asubuhi. Bilha alisema kesho saa nne ni kamati, na kutoka Kibomet mpaka ukumbi wa kanisa Kachibora ni mwendo, na kesho stima inaweza kukosa pia. Hayo yote Peris alikuwa anayajua.

Stima ilirudi saa nane na dakika arobaini na tano.

Kompyuta ikaanza kuwaka na uvivu wake wa kila siku, na hakuna mtu alienda kununua mandazi. Saa tisa kasoro dakika nane Peris aliandika joan2003 na mlango ukafunguka. Aliona vitu ambavyo hajawahi kuona. Aliona kundi la wake, majina mia moja na zaidi, na hapo chini jina la Rosaline, mamake Kagwe, aliyekufa mwaka wa tisini na moja. Aliona jina la mamake Mzee Kiragu. Mbele yao wote kulikuwa na kialama kimoja tu, kidogo kama punje ya mtama.

Alimwingiza Bilha kwa wanachama. Akatoa kile kialama. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika, akasema ana uhakika.

Huko chini kukasikika miguu.

"Ingia sasa," Peris alisema. "Andika jina yako. Pasiwadi ni moja moja saba, nimekupatia ya mzee."

Bilha alikuwa anatafuta herufi. B ilikuwa chini, si juu.

Kwa ngazi, marehemu walikuwa wamesimama. Rosaline alikuwa amekaa pale kwa ngazi ya nne, na leso yake ameitandaza. Alikuwa anakujanga na wanaume lakini hapandi mpaka juu, kwa sababu mara ya kwanza alipoandika namba kompyuta ilimfukuza mbele ya watu. Siku hiyo aliamua kusalimiana. Alimshika Mzee Mukhisa mkono akamuuliza habari ya kwake, na ya watoto, na ya wajukuu, na ya ule mji wa bibi mdogo kule Kimilili. Ni mama wa mwanachama, na ni mkubwa, huwezi kumpita na salamu ya juu juu. Mukhisa alijibu yote, na yeye pia akauliza yake. Halafu aliyekuwa nyuma yake akaanza upya. Halafu Kagwe, ambaye alikuwa mtoto wake, na huyo alimuuliza hata kama anakula.

Salamu zilichukua dakika sita.

Bilha akaingia. Jina lake likatokea juu kwa kioo, herufi nyeupe, na Peris akamfungulia barua. "Bonyeza hapo." Akabonyeza. Hapo kwa kawaida kompyuta ingesema hana ruhusa. Haikusema kitu. Printa ilikohoa, ikazungusha tumbo, ikaanza kupata joto. Ilikuwa inapata joto polepole kama sufuria ya githeri.

Marehemu wakaingia. Waliandika majina kwa kitabu. Mzee Mukhisa hakukaa kwa benchi. Alikuja mpaka mezani, akaangalia kioo, akasoma jina la Bilha pale juu, akalisoma tena.

Printa ikashika karatasi. Mwisho wa karatasi ukaonekana, kisha kichwa cha barua, Kampuni ya Mashamba ya Riziki, kisha tarehe.

"Mama," alisema Mzee Mukhisa, kwa adabu sana, "nisaidie kiti."

Bilha akasimama.

Hakufikiria. Peris pia alikuwa tayari amerudi nyuma hatua moja kumpisha. Mtu wa umri huo akikuambia nisaidie kiti, miguu inasimama, wewe unafuata. Bilha alikuwa ameshasimama wima, na mkono ameuweka kwa mgongo wa kiti akimsogezea mzee akae vizuri, ndio akajua amefanya nini. Wakati huo Mukhisa alikuwa ameshakaa.

"Asante," alisema. Akaingia kwa jina lake, akafungua mahali pa kusimamia printa, na kidole kimoja akarudisha kialama. Hakuharakisha. Printa ilisimama.

"Mzee," alisema Peris, "hiyo barua ilikuwa inatoka."

"Nimeiona. Tulikubaliana kwa mkutano, mtoto wangu. Sabini na nne, mwezi wa tisa. Niliandika mimi mwenyewe."

"Bilha hakuwa kwa mkutano."

"Hapana," Mukhisa alikubali. "Walikuwa wanapika."

Kagwe alikuwa amesimama kando ya kabati, karibu na kile kitambaa cha maua. Bilha alimwangalia, na yeye akaangalia tai yake. Kutoka kwa ngazi Rosaline aliuliza, "Imetoka?"

Wepukhulu ndiye alivuta karatasi kutoka kwa printa, kwa sababu ilikuwa imekwama nusu. Ilitoka bila kuraruka. Ilikuwa na kichwa cha barua, na tarehe, na laini ya kijivu upande wa kushoto, na chini yake imeandikwa, Hii ni kuthibitisha kwamba. Basi. Kutoka hapo mpaka chini ilikuwa karatasi nyeupe. Mukhisa alikaa kwa hicho kiti mpaka ofisi ikafungwa, na kesho asubuhi muda haungetosha.

Bilha aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, na Ijumaa saa nne alikuwa nayo kwa kamati.

Walikuwa watu saba nyuma ya meza moja, Mzee Kiragu katikati. Aliinua barua ya Bilha kwa dirisha, akaona laini, akatingisha kichwa kwamba ni ya kwao. Akaisoma kwa sauti. "Hii ni kuthibitisha kwamba." Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kumeza. Akageuza upande wa pili.

"Kwamba nini, Mama Wamboi?"

"Kwamba ni yangu," alisema Bilha. "Kila mtu hapa anajua hiyo inataka kusema nini. Kiragu, wewe ulikula kwangu siku ya mazishi."

"Nilikula. Na sikatai. Lakini hapa haijaandikwa."

"Niandike mimi na biro?"

"Hiyo itakuwa ni maneno yako sasa."

Mwanakamati mmoja, Kimeli, alisema labda mama apewe wiki mbili. Mwingine alisema wiki mbili za kufanya nini, na Kimeli alifikiria, akaona ni kweli, kwa sababu hata apewe mwaka hataprinti. Gathii akaitwa. Barua yake ilikuwa imejaa mpaka kwa sahihi. Waliiinua kwa dirisha.

Jumamosi fensi ilianza kwa upande wa mto. Bilha alipewa mpaka mwisho wa mwezi atoe mahindi yake, na Gathii alimsaidia kubeba magunia, magunia mazito akabeba yeye.

Jumatatu Mzee Kiragu alipanda ngazi, akakaa, akamwambia Peris amesikia kutoka kwa Mzee Mukhisa kwamba ako na ile pasiwadi kubwa. Peris alingoja kufutwa. Alikuwa ameshaanza kufikiria vile ataambia mamake Bungoma.

"Sikulaumu," alisema Kiragu. "Wewe ni kijana. Sasa, si umwingize Gathii kwa wanachama. Asiwe anasumbua kakake kila saa. Na mimi pia. Baba amezeeka, hizo ngazi zinamuumiza."

Peris akawaingiza. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua dirisha. Kiragu alitoka akaingia upya, akaprinti karatasi ya kujaribu, ikatoka mara ya kwanza. Akasema hii kompyuta ni nzuri, watu ndio hawaijui. Kisha akamwambia abadilishe pasiwadi kubwa, na akaangalia akiibadilisha, na akaiandika kwa kitabu chake cha mfukoni.

Marehemu waliendelea kuja saa tisa. Kazi ilikuwa imepungua, lakini walikuwa wamezoea.

Wiki ya tatu Kagwe alikuja peke yake. Hakuandika jina kwa kitabu. Alimwambia Peris alikuwa amepita nyumbani jioni, vile hupita, akapata kufuli mpya mlangoni na ng'ombe hayuko. Aliita. Akazunguka nyuma akaita tena. Gathii alitoka na tochi akamwambia shemeji alihama, na alihamia wapi Gathii hakujua kwa sababu hakumuuliza.

"Niandikie barua," alisema Kagwe.

"Kwa nani?"

"Kwa mama ya Wamboi."

Alisema maneno na Peris akaandika vile alivyosema. Mama Wamboi, nilikuja sikukupata. Mlango umefungwa. Sijui nikuje wapi. Nguo yangu ya kazi ilibaki kwa msumari nyuma ya mlango, kama uliichukua ni sawa. Niambie uko wapi nipite. Ni mimi Kagwe. Akaandika moja, moja, saba, akabonyeza. Ikatoka yote. Akauliza Peris kama anaweza kuifikisha, kwa sababu yeye hajui pa kuipeleka.

Peris aliulizia, akampata Bilha mjini Moi's Bridge Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa amekodi chumba kimoja nyuma ya stoo ya mahindi, na alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi ya mwenye stoo. Wamboi alikuwa ndani, anafanya hesabu juu ya kitanda. Bilha alipangusa mikono kwa leso, akapokea barua, akaisoma akisogeza midomo. Alichukua muda pale kwa nguo ya kazi.

"Aliprinti mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haikukwama?"

"Haikukwama," alisema Peris. "Ilitoka mara moja."

Bilha alitingisha kichwa. Aliikunja, akaiweka chini ya beseni upepo usiichukue, akachukua gunzi lingine.